Maiti Aliyeoshwa Kabla ya Kuibiwa

Maiti hakuwepo. Ndani ya hema la kuhifadhia maiti la kambi, machela ilikuwa tupu na sakafu imelowa maji ya sabuni.

Inspekta alichuchumaa, akanusa. Karafuu maiti, ile ambayo Waislamu huwatilia wafu wao.

"Mwizi gani huyu, anaosha kwanza ndipo anaiba?"

Mlinzi alijikuna kisogo. "Afande, nilisinzia kidogo tu alfajiri."

"Kidogo! Mtu ameoshwa, amebebwa, wewe umesinzia kidogo! Maiti alikuwa nani?"

"Mzee mmoja mkimbizi, hana ndugu. Presha ilimuua, daktari ameshathibitisha. Leo mchana angezikwa shimo la pamoja, na wenzake wasio na watu."

Inspekta akaenda kwa karani wa kambi. Karani alifungua daftari la wakimbizi elfu kumi na mbili, dini zao zimeandikwa pembeni.

"Waislamu wangapi?"

"Wawili, afande. Mmoja ndiye huyo maiti."

"Na wa pili?"

"Fundi cherehani, mstari wa tisa. Lakini huyo mtoe. Waligombana kwenye foleni ya maji, mwaka wa tatu huu hawasalimiani."

Inspekta alikwenda hivyo hivyo. Fundi, mzee mwembamba, alikuwa amekaa mlangoni, miguu imejaa udongo mbichi. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Alhamisi angesafiri kwenda kwa binti yake, ambaye hajamwona miaka kumi na moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Na udongo huu?"

Fundi aliivuta miguu ndani ya mlango.

"Mzee, ukipata kesi, safari imekufa. Unalijua hilo?"

"Nilikuwa nalijua nikichimba."

"Kwa nini hukuomba upewe?"

"Sheria yenu, maiti hupewa ndugu tu. Nimembeba kwa toroli. Yuko nyuma ya uzio, ubavu wa kulia, uso kibla."

"Adui yako?"

"Alikuwa mkorofi, Mungu amrehemu. Lakini kila alfajiri nilimsikia akikohoa akienda kutawadha, nikajua siko peke yangu. Miaka mitatu kila mtu akaswali kwake, kwa kiburi tu, afande. Kiburi tu." Alijipangusa udongo miguuni. "Hata sanda ni yangu. Niliitunza tangu tulipokimbia."

Inspekta alitoa karatasi ya maelezo ya onyo, ya kuandikia maneno ya mtuhumiwa. Roho ilimuuma, lakini kazi ni kazi.

"Haya, eleza ulivyofanya."

Fundi alianza polepole, akisubiri kalamu. Viungo vya udhu kwanza. Kisha upande wa kulia, ndipo wa kushoto. Mara tatu. Nguo tatu za sanda. Kisha sala ya maiti: takbira nne, bila kurukuu.

"Mzee, mimi nataka kosa tu. Yote haya ya nini?"

"Andika yote, afande. Mimi sasa siendi popote. Nikifa hapa, awepo mtu wa kuyasoma, anioshe vivyo hivyo."