Fundi wa Akiba

Kazi ya kwanza kukamilishwa na fundi asiyekuwepo ilikuwa ya lifti ya zahanati. Mpanga ratiba wa kampuni ya kutengeneza lifti aliiona kwenye kompyuta, ina alama ya kijani, akadhani ni macho yake. Fundi huyo alikuwa wa kubuni. Meneja ndiye aliyemsajili kwenye mfumo, akamwita Fundi wa Akiba, ili kazi zote zilizochelewa zirundikwe kwake na wakubwa wa makao makuu wasione rangi nyekundu. Uongo huo meneja aliuita mkakati. Alikuwa mtu wa kwenda semina na kurudi na msamiati.

Simu ikalia.

"Tunashukuru, dada," mlinzi wa zahanati alisema kwa sauti ya chini. "Lifti inapanda vizuri. Ila huyo fundi wenu... chumba cha mashine kilikuwa na kufuli, na funguo ninazo mimi. Halafu kaacha harufu ya nywele zilizoungua."

Viporo vya kazi vikaanza kuisha, kimoja kimoja. Mpanga ratiba akaingia kwa meneja na kufunga mlango.

"Bosi, tumfute yule. Tumeweka kiti kitupu, kimepata wa kukikalia."

"Nimfute fundi asiyeomba hata likizo?" Meneja alicheka. "Pamoja na chuo chako chote bado unaamini majini? Mimi nimempendekeza awe mfanyakazi bora."

Hakuwa anatania. Fremu ilikuwa tayari ukutani, haina picha.

Mchana ikaingia kazi nzito, kubadili nyaya za lifti kwenye jengo la ofisi, kazi ya watu wawili. Fundi wa Akiba aliichukua mwenyewe. Kwenye nafasi ya msaidizi mfumo uliandika jina la mdogo wake mpanga ratiba, fundi mwanafunzi wa hapo hapo, kitindamimba aliyemlea tangu mama yao afariki. Akalifuta. Likarudi. Akampigia.

"Usiende huko."

"Nimeshafika, dada," kijana alinong'ona. "Kuna mtu ananiita kutoka kwenye shimo la lifti. Ana sauti yako."

"Si mimi. Rudi nyuma."

"Miguu haitaki."

Akafuta tena na jina likarudi tena, na ile harufu ya nywele sasa ilikuwa inapanda kutoka chini ya meza yake mwenyewe, na kwenye simu alizisikia hatua za mdogo wake zikienda mbele, taratibu, na sauti yake yeye ikimbembeleza kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni, mpaka vidole vyake, bila kungoja ruhusa, vikaandika jina la meneja.

Likakaa.

"Imenyamaza," mdogo wake alisema, akilia.

Ng'ambo ya ukuta meneja akaitika kwa adabu ambayo hapo ofisini hakuwahi kumpa mtu. "Ndiyo, mkubwa. Nakuja sasa hivi, mkubwa." Akashuka ngazi mbio, anakaza tai.

Jioni kazi ikawa kijani. Picha ya kazi kwenye mfumo ilionyesha nyaya mpya, shimo safi, na viatu vya meneja vimepangwa pembeni, vinang'aa.

Mpanga ratiba akajaribu kumfuta Fundi wa Akiba. Mfumo ukamjibu kwamba mwenye ruhusa hiyo ni meneja peke yake. Kazi ya kesho ilikuwa imeshapangwa, ya watu wawili, na kwenye nafasi ya msaidizi jina la mdogo wake lilikuwa linajiandika, herufi kwa herufi.

Mkurugenzi wa makao makuu akapiga. Alifurahishwa mno na takwimu, akataka kumpongeza meneja.

"Yuko kazini, mzee," alisema mpanga ratiba, akivuta kibodi. "Naomba jina lako kamili."