Gari la Viti Viwili

"Gari hili limekufa, shemeji," akasema Kaingu, fundi wa magari, akijitoa chini ya gari na vumbi mgongoni. "Chesisi, fremu yake ya chini, imepinda. Lilipata ajali, likachomelewa. Usitupe pesa zako."

Sidi hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia boneti iliyo wazi, akiitazama injini iliyong'aa kama sufuria mpya. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili basi. Mwenyewe, Nyokabi, alikuwa anahama Malindi, ndiyo maana akaliuza.

Hesbon, mume wa Sidi, akamshika bega.

"Umemsikia fundi, mke wangu. Twende nyumbani. Tutatafuta jingine, la maana."

"La maana ni lipi?"

"La kubeba watu."

"La kubeba watu tunalo, Hesbon. Viti saba. Linabeba nani?"

Hesbon akatazama pembeni. Lile la viti saba alilinunua walipofunga ndoa. Tangu hapo Sidi alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili, na viti vya nyuma bado vilikuwa na nailoni za dukani.

"Dada, naomba niliendeshe kabla sijakata tamaa," Sidi akamwambia Nyokabi.

"Ufunguo huo. Gari langu halijawahi kupata ajali, liendeshe ujionee."

"Nasema limekufa," Kaingu akarudia, ila sauti ilikuwa imemshuka.

"Basi nitaendesha maiti."

Akaketi kwenye usukani, Hesbon kando yake. Alipowasha tu, kioo cha redio kikawaka na maandishi yakatokea: simu ya Hesbon imeunganishwa.

Sidi akayasoma, akayasoma tena.

"Simu yako inalijua gari hili."

"Labda ni hitilafu ya redio."

"Simu haijiungi yenyewe na gari ambalo hujawahi kuliingia."

Akatoa kichwa dirishani. "Nyokabi, mume wangu amewahi kuja hapa?"

Nyokabi akashangaa. "Alikuja juzi na fundi huyu huyu. Wakalipima, kisha akaliendesha hadi daraja la Sabaki. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Nilidhani umemtuma wewe."

Sidi akalizima gari, akashuka, akamwendea Kaingu.

"Wewe unaniita shemeji. Chesisi ya gari hili imepinda?"

Kaingu akamtazama Hesbon, asipate msaada. "Haijapinda. Nisamehe, shemeji. Gari ni zima, ila shokomzoba moja ya nyuma inavuja. Aliniomba niseme vile."

Sidi akageuka. "Ulimwomba?"

"Nilimwomba," Hesbon akasema.

"Kwa nini?"

"Mama. Nilipotoka kulijaribu nilimtajia gari, akasema mwanamke anayenunua gari la viti viwili ameshafunga hesabu ya watoto. Akasema kule Kaloleni ameniangalizia msichana."

"Msichana wa nini?"

Hesbon akawatupia jicho Kaingu na Nyokabi.

"Sema. Hawa wameusikia uongo wako, wausikie na ukweli."

"Wa kuoa. Mke wa pili."

Sidi akaushika mlango wa gari. "Nawe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Hukumjibu. Ukaenda kutafuta fundi wa kunidanganya." Sauti yake haikupanda. "Nisikilize, Hesbon. Nimelazwa hospitali mara mbili, na mara zote nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nimekunywa kila dawa aliyonichemshia mavyaa, hata zile zilizonitapisha. Sikulalamika. Mtoto akija nitampenda, tutamtia kwenye lile la viti saba. Lakini sitakaa sebuleni namngoja kama abiria aliyechelewa. Gari kama hili nimelitamani tangu nikiwa msichana. Nimesimama jikoni hotelini Watamu miaka yote hii, hili ni jasho langu, na leo nalinunua. Uliobaki ni uamuzi wako. Utakuwa mume wangu, au utakuwa mume wa huyo wa Kaloleni. Wa wote wawili hutakuwa."

Hesbon akainamisha macho.

"Juzi nilipoliendesha nilicheka," akasema polepole. "Sikuwa nimecheka tangu ile mimba ya pili. Kisha nikaona haya, Sidi. Nikahisi kama nimemsahau mtoto wetu."

Sidi akauachia mlango wa gari.

"Ungeniambia hivyo, ningelia nawe."

"Nisamehe."

"Mpigie mama yako. Hapa, nisikie."

Hesbon akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lile gari mmeliacha?"

Hesbon akamtazama mkewe. Sidi hakutikisa hata kichwa.

"Hatukuliacha. Sidi analinunua, nami nimekubali. Na yule msichana, waambie wazazi wake wamwoze kwa mwingine. Mimi nina mke."

"Na wajukuu wangu, Hesbon?"

"Tukijaliwa watakuja. Tusipojaliwa, mke wangu ni huyu huyu. Na dawa usimletee tena mpaka aombe mwenyewe."

"Amekuroga huyo."

"Hajaniroga, mama. Nampenda."

Simu ikakatwa. Kaingu alijifanya anapanga spana zake.

"Atapiga tena," Sidi akasema.

"Nitamjibu hivyo hivyo."

"Na mimi sijakusamehe bado."

"Najua."

"Rudi na Kaingu, mkapite dukani mtafute shokomzoba. Mimi nataka kuliendesha peke yangu kwanza."

"Na kesho?"

"Kesho njoo uniombe lifti."

Sidi akamlipa Nyokabi pesa zake, wakapeana mkono, biashara ikaisha. Alipotoka getini hakugeuka nyuma. Hesbon alimwona akipunguza mwendo, akijifuta macho kwa kiganja, kisha akakanyaga mafuta.