Zuleha Aiuliza Kompyuta Habari za Pilipili Manga

Kila asubuhi Mwaisha wa Mkuyuni hupitia kwanza pilipili manga zake, ndipo huwasha jiko. Zilipandwa na marehemu mama yake. Ndizo zilizomsomesha binti yake Zuleha mpaka chuo cha kilimo, Morogoro mjini.

Mwaka huu majani yaligeuka manjano, na mashina mengine yakaoza. Kaka yake, mzee Mwinjuma, ndiye mwenye kauli katika ukoo. Alisema Jumamosi atazikata zote apande mihogo. Mwaisha aliumia sana moyoni. Akampigia simu binti yake.

"Mwanangu, si unasoma kilimo? Tafuta dawa kabla mjomba wako hajanoa panga."

Zuleha alikwenda maktaba ya chuo. Akafungua hifadhidata, yaani ghala la makala za watafiti kwenye kompyuta. Akaandika kwamba mama yake ana shamba Mkuyuni, lilipandwa na bibi, na sasa anaomba kujua kwa nini majani yanageuka manjano. Kompyuta ikajibu kuwa hakuna makala. Akadhani ameeleza kidogo, akaongeza habari za mvua na za mjomba. Bado hakuna.

Tusimcheke. Milimani kwao huombi jembe ukiwa mlangoni. Unasalimia, unakaa, unaeleza yote, na jembe unalitaja mwisho.

Hidaya, mkutubi, alisoma yale maandishi akatabasamu.

"Barua nzuri hii," alisema. "Ila kompyuta inatafuta kila neno ulilotaja, na hakuna mtafiti aliyeandika habari za mjomba wako. Kiini cha shida ni nini?"

"Pilipili manga. Na kunyauka."

"Basi andika hayo tu, kwa Kiingereza, maana makala nyingi zimeandikwa hivyo."

Katika kisanduku cha kwanza cha kutafutia Zuleha aliandika "black pepper" ndani ya alama za kunukuu, ili maneno hayo yasitenganishwe. Kisha akachagua AND, ili kila makala iwe na mambo yote mawili. Katika kisanduku cha pili akaandika wilt OR rot, yaani kunyauka au kuoza, kwa kuwa watafiti hawatumii neno moja. Makala zikamiminika mpaka akacheka peke yake. Hidaya akamwonyesha jinsi ya kuzichuja: abakize za miaka ya karibuni, zilizokaguliwa na wataalamu wengine, na asome muhtasari kwanza.

Makala kadhaa zilikubaliana. Ugonjwa wa namna ile hupenda maji yaliyotuama.

Jumamosi alimkuta mjomba shambani, panga mkononi.

"Tuchimbe mifereji, mjomba. Tupunguze kivuli, tung'oe zilizooza tu na kuzichoma."

Mzee alimtazama. "Huko chuoni mmefuta shikamoo?"

Zuleha aliona aibu. Akamwamkia, akakaa kwenye jiwe, akaanza upya: maktaba, Hidaya, kompyuta inayotaka maneno mawili matatu tu, makala, maji. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita bwana shamba, naye akathibitisha. Ndipo mzee alipoweka panga chini, akaomba jembe.

Masika yaliyofuata maji yalipita mferejini. Pilipili zilizobaki zilichipua, na Mwaisha akarudia furaha yake ya asubuhi. Mjomba alipanda mihogo yake kando ya mto. Juzi alimpigia simu Zuleha.

"Mihogo. Panya," alisema, akasubiri jibu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Zuleha.