Kifundo Juu ya Usukani

Saa mbili asubuhi boti ya tanga ilionekana nje ya bandari ikizunguka mduara uleule, injini inanguruma, na kwenye usukani hapakuwa na mtu. Rubani wa meli za mizigo ndiye aliyeisogelea. Alimkuta mwanamke wa miaka sitini na kitu ameng'ang'ania kamba iliyokuwa ikiburuzwa nyuma ya boti, midomo imemgeuka rangi, vidole vimekataa kuachia. Ilibidi waikate kamba na kumpandisha nayo.

Mpelelezi alifika gatini na hofu yake mwenyewe. Hakujua kuogelea, na ubao wa kupandia botini ulikuwa mwembamba. Hilo hakumwambia mtu, maana cheo nacho kina aibu zake.

Aliyeokolewa aliitwa Mwalimu na bandari nzima, kwa kuwa alifundisha hesabu hadi akastaafu. Alikuwa amejikunja kwenye blanketi, mkanda wa usalama ungali kifuani. Kwenye ncha ya mkanda ilining'inia pete ya chuma iliyong'oka na skrubu zake. Mpelelezi akaifungua, akaitia mkobani.

"Binti yangu ameambiwa?" Mwalimu aliuliza, meno yanagongana.

"Ameambiwa umeokotwa baharini, basi. Yuko njiani."

Binti akaja mbio, viatu mkononi. Alipiga magoti, akamkumbatia mama yake, na neno lake la kwanza likawa, "Mama, hukuegemea kwanza?" Kisha akaangua kilio. Mpelelezi alidhani ni lawama za kawaida, zile ambazo watoto wakikua huwalipa wazazi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa fundi wa boti, kwa sababu pete aliifunga yeye.

"Zamani walisafiri wawili," fundi alieleza. "Mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kamba kule mbele. Mumewe alipofariki akaniambia, fundi, nitengenezee niweze peke yangu. Kamba zote nikazipitisha kwenye roda, vile vigurudumu vya kamba, nikazileta nyuma, azifikie bila kuacha usukani. Na pete nikaifunga sakafuni, chini ya gurudumu la usukani, awe amefungwa nayo muda wote. Ukianguka uko peke yako, afande, nani atakugeuzia boti?"

"Imeng'oka."

"Haing'oki ile. Nilitia bolti za kupenya sakafu, na bamba la chuma upande wa chini. Jana jioni nimeijaribu mwenyewe."

Mpelelezi akaiweka pete mezani. Ilikuwa na skrubu fupi za shaba, vichwa vimepakwa rangi nyeupe. Fundi alizitazama, jasho likamtoka.

"Hizi si zangu," alisema taratibu. "Hizi ni za kazi za ndani ya nyumba. Naogopa, afande. Nani ataniamini?"

Wa pili alikuwa shemeji wa Mwalimu, mdogo wa marehemu. Huyu alikuwa ametangaza gatini kote kwamba mwanamke anayekwenda baharini peke yake anajichimbia kaburi.

"Nilisema, na nitasema tena," alijibu. "Boti ya kaka yangu ningeiendesha mimi. Lakini nimekuwa baharia tangu sijaota ndevu. Mkanda wa mtu hauguswi. Hata wa adui yako."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Peke yangu. Shahidi sina, andika hivyo."

Mchana mpelelezi alimfuata Mwalimu nyumbani. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Ajuza wa watu alikuwa akitetemeka kwenye kiti, na kikombe cha chai hakukigusa mpaka alipokipokea kwa mkono wa binti yake. Kule jikoni mlango wa kabati ulikuwa umelegea. Binti aliuzuia kwa kiwiko huku akichukua kikombe kingine.

"Mtu huyu anaijua boti yangu," Mwalimu alinong'ona. "Simwamini fundi, simwamini shemeji. Nimemwambia mwanangu alale kitandani kwangu, tufunge mlango kwa ndani."

"Ilikuwaje?"

"Nilifunga breki ya usukani kifundo kikiwa juu. Kuna kifundo cha kamba fundi alikisokota kwenye spoku moja ya gurudumu. Kikiwa juu, boti inanyooka. Nakipapasa tu, sina haja ya kutazama. Nikaegemea mkanda nivute tanga kwa mikono miwili. Mara niko majini. Nikajua boti itanyooka na kuniacha. Badala yake ikazunguka, ikanirudia, kamba ikanipita usoni."

"Hukuujaribu mkanda kabla ya kuondoka?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Marehemu alitufundisha sote humu ndani: kabla hujafungua kamba gatini, jifunge, uegemee kwa uzito wako wote. Sijawahi kuacha. Leo fundi alikuwa pale, akaniambia ameshaijaribu. Nikaona haya kuirudia mbele ya macho yake, asije akadhani simwamini."

 Mpelelezi aliutazama mlango wa chumba cha kulala, wenye ufunguo kwa ndani, kisha akainuka, akaenda kuinama mbele ya kabati la jikoni. Aliporudi alisema, "Twendeni gatini. Sasa hivi, na binti pia."

Waliwakuta fundi na shemeji pale alipowaita kwa simu. Mpelelezi alivuka ubao akiwa ameshikilia pumzi. Fundi alinyoosha usukani mpaka boti ingekwenda moja kwa moja. Kifundo hakikuwa juu. Kilikuwa kimekaa spoku moja pembeni.

"Kubadili bolti lazima gurudumu livuliwe," mpelelezi alisema. "Spana haipiti. Aliyelivua alilirudisha vibaya, ndiyo maana boti ilizunguka. Fundi kifundo amekisokota mwenyewe. Shemeji ni baharia. Hao wasingekosea. Amekosea mtu ambaye kwake kifundo hiki ni pambo tu."

Akamgeukia binti. "Uliambiwa mama ameokotwa. Hakuna aliyekutajia mkanda, na pete ilikuwa mkobani mwangu. Kwa nini uliuliza kama ameegemea? Na skrubu nne za bawaba ya kabati lenu, zile zenye vichwa vyeupe, ziko wapi?"



"Pete ilikuwa ing'oke hapa," binti alisema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Anaegemea kila siku. Kila siku! Angeanguka hapa hapa gatini, tungemvuta, angeogopa, angeacha. Baba alitoka hapa kwa miguu yake akarudi kwa machela. Mama, nimekuwa nikiogopa tangu siku ile, kila unapotoka. Nilitaka na wewe uogope kidogo tu."

 Mwalimu alilitazama gurudumu, akakipapasa kile kifundo. Kosa moja la mwanawe lilikuwa limemtupa majini, na kosa la pili likamrudishia boti.

"Tutakwenda wote kituoni," mpelelezi alisema.

Binti alitangulia kushuka. Alipofika gatini aligeuka kama alivyozoea, akanyoosha mkono amsaidie mama yake kuvuka ubao, machozi yanamtiririka. Chini ya ubao maji yalikuwa meusi. Mwalimu aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamshika mpelelezi.

"Nivushe wewe," alisema.

"Mama, mimi sijui kuogelea," mpelelezi alinong'ona.

"Nivushe wewe tu."