Jani Lililokatika Ukingoni

"Una dakika kumi na moja," sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni. "Saa kumi kamili tovuti inafunguliwa."

Kipanga aliilalia Yamaha yake, akapenya katikati ya malori mawili.

"Orodha iko wapi?"

"Kwenye maua."

Majina ya majasusi kumi na mmoja, la Kipanga likiwamo, yalifichwa ndani ya mchoro wa maua wa kupamba mandhari ya tovuti ya duka la mashuka. Mtu mmoja ng'ambo angefungua ukurasa, akayafumbua, na watu kumi na mmoja wasingeiona kesho.

"Mchoraji ni nani?"

Mkuu akakohoa.

"Mkuu?"

"Mtalaka wako. Na mchumba wake yupo hapo. Kipanga, wivu uache chini na pikipiki."

Wivu haukubaki na pikipiki. Ulipanda naye ngazi hadi orofa ya tatu, ukamtangulia kuingia.

Ndani walikuwa watatu. Mtalaka wake mezani. Fundi wa tovuti pembeni, laptopu mbele yake. Na mchumba, mkono kwenye kiti cha mwanamke, mtanashati kweli, ananukia.

Kipanga alimwelekezea mchumba bastola yake ya Glock. Hakuna aliyemtuma amchague yeye.

"Wewe tena?" alisema mtalaka wake. "Hata hodi?"

"Fungua mchoro."

Maua ya zambarau yalijaa kioo kikubwa. Kipande kimoja, kimerudiwa mara mia, na sifa yake yote ni kwamba usijue kilipoungana. Mwanamke akakunja uso.

"Huu umeguswa. Mimi sitoi kazi hivi."

"Nani kaugusa?"

"Tulioushika ni sisi watatu. Lakini huyu hawezi." Akamshika mchumba mkono. "Anaunganisha vizuri kuliko mimi."

Hilo lilimchoma Kipanga kuliko risasi. Miaka sita ya ndoa alionyeshwa mishono ya michoro kama hiyo, akajibu "vizuri" huku anachezea simu.

Aliitazama saa yake ya Casio. Dakika mbili. Kidole kilimwasha kwenye kifyatulio. Alitaka awe huyu. Alitaka sana. Lakini akikosea, orodha inaruka.

"Kosa liko wapi?" akamuuliza mchumba.

"Pale. Jani limekatika ukingoni. Kila linapojirudia, linakatika."

Hakusita hata kidogo. Kipanga akatazama. Ni kweli, limekatika. Akamgeukia fundi.

"Na wewe?"

Fundi akakodoa macho. "Mbona yako sawa tu?"

Aliyeharibu mshono ni yule asiyeuona.

Mkono wa fundi ukaruka kwenye kibodi. Kipanga akaruka pia. Meza ikapinduka, kahawa ikamwagika, laptopu ikajifunga na kubana vidole vya fundi, na pingu zikalia.

Saa kumi kasoro sekunde tisa, na tovuti bado imefungwa.

"Mkuu, maua yamenyauka."

"Asante, kaka," mchumba alisema, akimpa mkono. Kipanga aliupokea. Ulikuwa mkono mzuri, akauchukia.

Mtalaka wake alikwisha kuinua meza, anaunganisha jani.

"Siku hizi unaona," alisema bila kugeuka.

Kipanga alimkabidhi fundi kwa vijana wa Mkuu mlangoni, akavaa miwani ya jua, akapanda pikipiki.

"Na yule mchumba?" Mkuu aliuliza.

"Msafi."

"Umempekua?"

"Mara mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Ya kwanza ilikuwa ya kazi," alisema Kipanga, akaondoka.