Mshiriki wa Arobaini

Kicheko kilitangulia mzaha. Ndicho kilichomfanya mtafiti avue hedifoni, azifute kwa upindo wa gauni, azivae tena. Katika kanda za zamani za vichekesho vya redio, ukumbi mzima hucheka mchekeshaji akimaliza. Mmoja tu, dume lenye kifua, hucheka kabla mchekeshaji hajafungua mdomo. Kanda ya kwanza, ya pili, ya kumi. Miaka thelathini ya vichekesho, kicheko kilekile, na wala hakizeeki.

Mwenye akili zake angezima mashine akaenda zake. Lakini huyu alikuwa mwaka wa nane anasomea shahada ya udaktari juu ya kwa nini watu hucheka, na yeye mwenyewe hakuwa amecheka tangu mwaka wa tatu. Chuo kilidai mahojiano na wasikilizaji arobaini wa enzi zile, kila mmoja na saini yake kwenye fomu ya ridhaa. Alikuwa na thelathini na tisa. Wengine aliowatafuta walishatangulia mbele ya haki, na mmoja alimtoa mbio kwa fagio. Basi kile kicheko akakiita Mshiriki wa Arobaini, akakipa umri, akakipa kazi ya ushonaji, akakitungia majibu. Kwenye fomu, palipoandikwa "nakubali kushiriki bila kulazimishwa", akakitilia saini.

Jioni hiyo kikacheka jikoni.

"Mama, umecheka?"

"Nicheke nini, na mboga zenyewe umeziunguza?" Mama akainuka kwenda kunawa, akateleza mlangoni, mguu ukavunjika.

Wiki iliyofuata kikacheka sebuleni, na dari ya chumba cha mama ikaporomoka juu ya kitanda, mwenyewe akiwa bafuni. Tangu hapo nyumba ikanuka poda na jasho la mapazia ya jukwaa, na mtafiti akawa anakaa na mama mchana kutwa, akisikiliza pumzi ya tatu ikivutwa chumbani mle walimokuwa wawili, pumzi ndefu, ya mtu anayejizuia, ikivutwa, ikivutwa, isitoke.

Mganga waliyemwendea alikuwa karani mstaafu. Alivaa miwani, akaisoma sura nzima ya tasnifu yenye yale mahojiano, na viambatisho vyake, jambo ambalo msimamizi wa chuo hakuwahi kulifanya.

"Binti yangu," alinong'ona, "mimi natoa majini walioingia wenyewe. Huyu umemwandikisha."

"Atatokaje, mzee?"

"Waambie wale uliowapa hii saini kwamba uliighushi. Ukimkana mbele yao, hana pa kukaa. Usipomkana, ni mtu wa nyumbani kwako."

"Watanifukuza. Miaka minane, mzee."

"Na mama unao wangapi?"

Siku ya kuitetea tasnifu, mama alikuja na mkongojo wake, akaketi benchi la nyuma peke yake. Maprofesa walikuwa watatu, mmoja amesinzia kwa heshima zote.

"Huyu Mshiriki wa Arobaini ndiye lulu ya kazi yako," alisema mwenyekiti. "Ulimpataje?"

"Sema, mwanangu," mama alisema taratibu kutoka nyuma.

Mtafiti akafungua mdomo, na papo hapo akaiona meza ya kukodi na taa ya kukodi na ile miaka minane aliyokula mkate mkavu akiwasikiliza watu waliokwisha kufa wakifurahi, akawaona wenzake waliohitimu wakimwita "mwanafunzi wetu" kwa ile huruma inayouma kuliko tusi, akaona kalamu ya mwenyekiti imeshagusa karatasi, inangoja neno lake tu.

"Alikuja mwenyewe," alisema.

"Hongera, daktari."

Wakapiga makofi. Ile harufu ya poda ikapita kati ya viti, bila haraka, ikaelekea nyuma. Mama hakumlaumu hata kwa jicho. Alisogea kidogo kwenye benchi, kama unavyompisha mgeni mwenye mwili, akaukumbatia mkongojo wake.

Kisha kikacheka.