Mguu Ulioachia Breki

Zamani, kila Jumamosi, Venance aliosha gari lake mbele ya nyumba yao ya Madale. Siku hizi gari limefunikwa turubai. Mkewe Sekela hukaa barazani amenyoosha mguu wa kulia. Goti lake halikunjiki tena.

Walipata ajali mteremkoni, mvua ikinyesha. Mbuzi alikatiza barabara. Venance alikanyaga breki, lakini gari likaishia mtaroni.

"Breki zilinisaliti," alimwambia kila mtu. Gari lilitengenezwa, lakini aliapa kutoshika usukani tena. Sekela akawa anakwenda kliniki kwa bodaboda, mguu ukining'inia, na kurudi analia. Venance alikuwa akimwangalia tu. Maisha yalikuwa yamemshinda.

Siku moja jirani yao Najma, mwalimu wa udereva, alikuja kumjulia mgonjwa hali.

"Baba Bupe, ulipokanyaga breki ilikuwaje?"

"Pedeli ilitetemeka, inanigonga mguu. Nikajua breki zinafeli. Nikaachia, nikaanza kupampu, nakanyaga na kuachia. Kwenye lori la mchanga nililoendesha zamani tulikuwaga tunafanya hivyo."

Najma alishusha pumzi. "Hazikuwa zinafeli. Zilikuwa zinafanya kazi."

"Kivipi, mwalimu?"

"Tairi likibanwa kabisa kwenye utelezi, halizunguki. Linaserereka tu, na usukani hausikii. Magari mengi ya siku hizi yana sensa kwenye kila tairi. Kompyuta ikiona tairi linataka kuganda, inaachia breki na kubana tena, haraka kuliko mguu wa mtu. Ndiyo ule mtetemo. Wewe kanyaga kwa nguvu, usiachie, na uelekeze usukani unakotaka kupita."

"Na gari likianza kwenda upande?"

"Kama lina mfumo wa kuzuia hilo, kompyuta inabana tairi moja ili lirudi njiani. Ila taa ya mfumo ikiwaka na isizime, nenda kwa fundi. Na usikimbize gari kwa kuutegemea. Tairi kipara litateleza tu."

Venance aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo gari lilikuwa linatuokoa, mie nikalizuia?"

"Njoo uwanjani, nitakufundisha," Najma alisema. Sekela alitazama pembeni.

Najma alimfundisha kwa gari lilelile, kwenye uwanja mtupu wenye matope. Venance alikanyaga, pedeli ikatetemeka, akaachia. Akarudia, akaachia tena. Mguu ulishazoea lori. Alitaka kuacha, lakini akakumbuka bodaboda na kilio cha Sekela. Mwishowe mguu ukatulia.

Masika yalipoanza, alimpeleka Sekela kliniki kwa gari. Kwenye mteremko uleule, mtoto alikatiza ghafla. Venance alikanyaga kwa nguvu zote. Pedeli ikatetemeka. Hakuachia. Alikata usukani kidogo, wakampita mtoto, gari likasimama. Mtoto akaenda zake.

Sekela alikuwa kiti cha nyuma, mguu wake umenyooka.

"Ni hivyo tu? Kutoachia breki?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, Mama Bupe."

Venance akalaza kichwa kwenye usukani, akalia kwa sauti. Sekela naye alilia, mkono mmoja juu ya goti lake. Kisha akamshika mumewe bega.

"Twende," alisema. "Tutachelewa kliniki."